Beji Tisa Kwenye Mkeka

Siku ile ya kumaliza kilio cha baba tulikuwepo hawa: mimi, mtoto mkubwa wa nyumba, mdogo wangu Bahati, na Neema, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikuwepo Shangazi Faida, dada ya baba, aliyekuja kutoka Kitchanga na godoro kichwani kwa sababu alijua hatarudi upesi. Alikuwepo Papa Katekista, jirani yetu, aliyeombwa kuongoza maneno. Alikuwepo Papa Bwira wa Burungu, na fimbo yake. Na alikuwepo Koko Mwamini, bibi mfupi wa upande wa msitu, aliyeingia uani umande haujakauka, akaketi kabla ya kuambiwa karibu. Majirani wengine walikuja pia, walikula wakaenda. Hawa niliowataja ndio walioona nilichofanya.

Nimewakumbuka wote juma hili kwa sababu ya harufu. Mke wa Bahati alikuwa anasugua masufuria nyuma ya nyumba kwa majivu na nusu ya ndimu, kama tunavyofanya wote hapa Kalembe sabuni ikikosekana, na hata isipokosekana. Majivu yakikutana na ndimu hutoa harufu kali kidogo, kama moto uliozimwa juu ya majani mabichi. Alipomaliza aliingia ndani, akaona kinachoning'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu.

"Dada, nisugue na hii? Imekuwa nyeusi sana."

Nilisema hapana, kwa sauti iliyomfanya ashushe mikono. Halafu nikaona haya, maana yeye hajui. Bahati mwenyewe alikuwa mdogo. Ukimuuliza habari za siku ile, anakumbuka nyama tu.

Baba yetu, Papa Anselmi, alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Hakuwa na duka. Alikuwa na sanduku la mbao, mkasi wa bati, nyundo mbili, kopo la makaa na kipande cha risasi ya kulehemu, na alitembea soko kwa soko. Safari moja alipanda vilima vya Masisi, upande wa Burungu, ambako ng'ombe wanalala ndani ya ukungu na maharage yanakaa motoni mpaka sufuria inachoka kabla yao. Safari nyingine alishuka msituni, Walikale, akafika hata Hombo, ambako kila chombo kinanuka mawese. Alisema akiangalia tundu la sufuria anajua mwenyewe anakula nini, na kama mke na mume wanaelewana. Kalembe iko mpakani, si vilima kabisa wala si msitu kabisa, ndiyo maana alijenga hapa. Mama alituacha siku alipomzaa Neema.

Chini kabisa ya sanduku lile, chini ya vipande vya shaba na bati, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo beji tisa za polisi za zamani. Sisi tuliziita plake. Nyingine zilikuwa na nyota katikati. Nyingine zilikuwa na kichwa cha chui aliyefungua kinywa. Tatu hazikuwa na picha yoyote, jina tu la chefferie, yaani eneo la chifu, na nambari, herufi zimegongwa moja moja kwa nyundo, zimepishana kama meno ya mtoto. Zote zilikuwa nyeusi kwa moshi na kwa mikono ya watu, na kwenye mikunjo zilikuwa na kutu ya kijani. Kila moja ilifungwa kamba yake ndogo, nyingine ya nyuzi za mgomba, nyingine ya rafia, na kila kamba ilikuwa na mafundo.

Jumapili, tukitoka misa, baba alikuwa anaketi mlangoni, anafungua kopo na kuziweka moja moja kwenye goti. Alizipitishia kidole gumba, akaangalia kamba, akazirudisha. Hakuzisugua hata siku moja, yeye ambaye hangeweza kuona sufuria chafu bila kukunja uso.

Mwaka huo polisi mmoja alikuja shuleni kwetu kuonana na mkurugenzi. Alikuwa na beji moja kifuani. Darasa zima lilisimama, na mwalimu akasimama nasi. Nilirudi nyumbani nikifanya hesabu yangu ya kitoto: yule ana moja na tulisimama wote, na baba yangu ana tisa. Nikaamua kwamba baba alikuwa mkubwa wa polisi aliyejificha ndani ya nguo za fundi. Na mafundo ya kamba, kwangu mimi, yalikuwa vyeo. Moja ya zile zisizo na picha ilikuwa na mafundo sita, na niliiogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa jenerali.

Wenzangu shuleni walikuwa wananicheka. "Mutoto ya Papa Tundu," walisema, "lete kichwa tukuzibie." Niliwahurumia hata, kwa mambo wasiyoyajua.

Nilimuuliza mara moja tu. "Papa, bantu banajua kama uko na bile bintu?"

"Benye kupashwa kujua, banajua," akasema, akafunga kopo.

Ni jibu gani lingine mtoto angehitaji?

Alirudi kutoka msituni na homa, akalala siku nne. Siku ya tatu aliniita, akaniambia nivute sanduku karibu na kitanda. "Ile kopo, usiuzishe," akasema. "Bantu batakuya." Nikaitikia. Niliwaona tayari wanakuja kwa mistari, na viatu vyeusi, kumpigia saluti. Siku ya nne akafariki.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu kosa langu lilitoka humo. Kwetu, siku ya kumaliza kilio, vitu vya marehemu vinatolewa vyote nje, vinaoshwa kwa majivu, vinatandazwa kwenye mkeka juani. Anayeongoza anauliza mara tatu: nani ana neno na marehemu? Aliyeacha kitu chake kwake anakichukua. Aliyekosewa anasema, na watu wanasikia. Mtoto mkubwa anaketi mwisho wa mkeka, kwa maana neno litakalobaki bila kumalizwa litamfuata yeye. Na kitu kichafu hakiwekwi pale. Ukiweka kitu kichafu, watasema nyumba hii inaficha jambo.

Kwa hiyo Shangazi Faida aliniambia asubuhi, "Osha byote. Usiache kitu hata kimoja."

Nikaosha. Nilisugua nyundo, nikasugua mkasi, nikasugua hata kopo la makaa ambalo lilikuwa jeusi tangu lizaliwe. Halafu nikafungua lile la maziwa. Nilikuwa nimeweka ndimu mbili pembeni kwa ajili ya hizo tu. Kamba zilizuia majivu kuingia vizuri, nikazikata zote tisa kwa mkasi wa baba na kuzitupa chini ya chungu cha maharage. Zilishika moto mara moja, zilikuwa kavu sana. Nikasugua mbele, nikasugua mgongo, nikachokoa kutu kwa mwiba mpaka chui wakawa na macho. Nilipomaliza, vidole vyangu vilikuwa vinawaka na beji zilikuwa zinang'aa kama mawese yakimiminwa juani. Nilizipanga safu tatu katikati ya mkeka, mahali ambapo hakuna atakayezikosa. Nilijiambia, leo watajua alikuwa nani.

Papa Katekista aliuliza mara ya kwanza. Mtu mmoja akasema baba alikuwa na nyundo yake ndogo, akapewa. Aliuliza mara ya pili. Koko Mwamini alisimama, akaja mpaka mkekani, akainama sana, alikuwa mfupi na bado akainama. Hakugusa kitu.

"Nani alisafisha hizi?"

"Njo miye," nikasema, nikingoja sifa.

"Na kamba?"

"Kamba gani, Koko?"

"Kamba ya Anselmi. Yetu ilikuwa ya rafia, na mafundo sita. Fundo moja, kulala moja mu njia. Toka hapa mpaka kwangu unalala mara sita. Bale ba vilima, alibafungia mugomba. Siye ba mu pori, rafia."

Niliangalia kuelekea kwenye chungu cha maharage. Watu wote wakaangalia nilikoangalia.

Papa Bwira alipiga fimbo chini. "Miye nilimuachia plake ya baba yangu wakati tulikimbia vita," akasema. "Ku barière mu njia balikuwa banafungula kila muzigo. Ukipatikana na kitu ya polisi, maulizo hayaishe. Lakini muntu wa vyuma vya kuoza, nani atamuuliza? Nikamuambia, Anselmi, baba yetu hana kaburi, hii njo kaburi yake, unichungie. Na sasa mutoto ameigeuza kijiko."

Ndivyo nilivyojua. Baba hakuwa mkubwa wa polisi yeyote. Alikuwa mtu ambaye familia tisa zilimwachia kitu chao cha mwisho, na kwa kuwa hakuandika vizuri, aliandika kwa kamba. Hakuzisugua kwa sababu uchafu ule haukuwa wake. Na mimi nilikuwa nimechoma majina yote tisa chini ya maharage ambayo wenye majina walikuwa wanakaribia kula.

Papa Bwira aliinama, akachukua moja yenye nyota.

"Papa," akasema Koko Mwamini, "njo yenu ile?"

"Inafanana."

"Inafanana. Na kama iko bwana ya mama mwingine? Utaenda kulala naye kule Burungu, mu baridi?"

Mtu mmoja alicheka, wakacheka wote. Papa Katekista alijificha nyuma ya kitabu chake cha sala, mabega yakitikisika.

"Miye nilizika bwana moja," Koko akaendelea, bila kucheka. "Sitabeba wa mwenzangu ku nyumba, hata akuwe muzuri namna gani. Rudisha, Papa."

Papa Bwira aliirudisha mkekani, akaketi, akaweka fimbo juu ya magoti. Ilionekana kwamba alikuwa anataka kulia na kicheko kile kilimsaidia.

Papa Katekista akauliza mara ya tatu, halafu akasema, "Neno hili, nani analibeba?"

Shangazi Faida alijibu haraka. "Huyu iko mutoto. Tuachie Mungu."

"Miye nitabeba," nikasema.

"Weye uko na masomo."

"Miye njo mukubwa."

Sikusema kwa ushujaa. Nilikuwa na majivu mpaka viwikoni na sikuona njia nyingine ya kuinuka pale. Koko Mwamini aligeukia kwangu.

"Unajua njia?"

"Hapana."

"Utajua. Lakini usianze na miye. Yetu haina picha, pini yake ilianguka zamani. Kamba njo ilikuwa jina yake. Anza na bale benye alama. Utarudisha, utarudisha. Ile itabakia ya mwisho, njo ya bwana yangu."

Halafu alikula maharage yetu, akaomba ya kufunga kwa njia, akaondoka. Sehemu sita za kulala, peke yake, mikono mitupu, ili wengine wanane wapate kwanza.

Sikurudi tena shuleni. Watu wanaposema hivyo huwa wanangoja machozi, lakini kwangu ilikuwa jambo la kazi. Bahati alihitaji kusoma, Neema alihitaji kula, na sanduku lilihitaji mtu wa kulibeba. Nilikuwa nimemwangalia baba vya kutosha kujua jinsi risasi inavyoyeyuka, si vya kutosha kujua inavyoshika. Sufuria zangu za kwanza zilivuja zaidi kuliko zilivyoletwa. Mama mmoja wa soko aliniambia, "Mutoto, ulikuta tundu moja, umeacha mbili." Lakini alileta nyingine juma lililofuata. Jina lile la kunicheka, mutoto ya Papa Tundu, likawa ndilo linalonifungulia milango.

Kila nilipoziba sufuria niliuliza: hapa kuna familia ya polisi wa zamani? Nilijifunza mambo ambayo shule isingenifundisha. Nilijifunza kwamba wanaume na wanawake hawakumbuki beji moja kwa namna moja. Wanaume walikumbuka mbele: nyota, chui, nambari. Na mara nyingi walikosea. Wanawake walikumbuka nyuma. Pini ndiyo inayovunjika kwanza, na kila mke aliitengeneza kwa alichokuwa nacho: waya wa mtego, sindano ya kushonea magunia, kipande cha mpini wa kijiko. Mimi nilikuwa nimesugua migongo yote, lakini pini nilikuwa nimeziacha.

Ya Papa Bwira ilitambuliwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa haoni tena. Nilimwekea mkononi beji tatu zenye nyota. Alizigeuza, akapitisha kidole, akasimama kwenye moja. "Speki ya kinga," akasema, yaani waya wa gurudumu la baiskeli. "Baba alikata speki ya kinga yake, mama akagombana naye mwezi muzima." Papa Bwira aliipokea kwa mikono miwili. Haikuwa ile aliyotaka kuichukua siku ya kilio, sote wawili tuliona. Alinisindikiza mpaka mwisho wa malisho yake, na pale akauliza, "Na yule mama wa maneno, alipata?"

"Bado. Yake ni ya mwisho."

"Mh," akasema. Akanipa jibini nzima.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Tulikimbia mara kadhaa, na kopo la maziwa lilikimbia nasi, chini ya vyuma, kama zamani. Kuna mwaka sikurudisha hata moja. Kuna mwaka nilirudisha mbili kwa safari moja, nikarudi nikiimba njiani. Wenye zile za chui wote walipatikana. Wenye nyota wakaisha. Zikabaki zile tatu zisizo na picha.

Siku moja niliambiwa kwamba Masisi kuna mwalimu mstaafu anayekusanya beji za namna hii. Nilimwendea nikitumaini kwamba anajua majina. Alikuwa na sanduku lenye kioo, na beji zake zimelala juu ya kitambaa chekundu, kila moja na kikaratasi chake. Alinieleza historia kwa utaratibu, kama aliyesubiri mwanafunzi kwa muda mrefu. Nyota ni ya wakati wa Wazungu. Chui alikuja na Zaire. Na zile zisizo na picha ni za polisi wa chefferie, waliolinda soko na kupeleka barua za mwami, chifu wa eneo, na mara nyingi ziligongwa na mafundi wa hapa hapa, ndiyo sababu herufi zimepinda. Alisema ni chache sana zilizobaki, kwa kuwa nyingi ziliyeyushwa. Aliishika moja yangu juani.

"Nani aliisugua hii?"

"Miye, Mwalimu. Nilikuwa mutoto."

"Ukisugua plake, unaitoa nusu ya maisha yake," akasema, bila ukali. Halafu akanionyesha nafasi tupu juu ya kitambaa chekundu. Angeweza kuiweka pale, salama, haitakimbia tena, na kikaratasi: mwenyewe hajulikani.

"Anajulikana," nikasema. Nikaifunga kwenye kitambaa changu. Aliniheshimu kwa hilo. Alinifundisha kusoma nambari zilizochakaa kwa kuweka karatasi juu na kupitisha kalamu ya risasi, na ndivyo nilivyopata mwenye moja: mtoto wake alikuwa na cheti cha zamani cha baba yake chenye nambari ile ile. Hiyo nina hakika nayo.

Zikabaki mbili, zote bila pini na zenye jina moja la chefferie, na wenyewe wawili. Mzee mmoja, mtoto wa polisi, nilimwonyesha zote mbili. Akachukua moja upesi, karibu bila kuangalia, akasema, "Njo hii, njo hii," na macho yamejaa. Ningemwambia nini? Nilimwachia.

Kwa hiyo moja ndiyo iliyobaki, na kwa maneno ya Koko Mwamini lazima iwe yake. Lakini kila nikiiangalia pale kwenye msumari ninaikumbuka haraka ya yule mzee. Kama alikosea yeye, nitampelekea Koko bwana wa mwenzake, baada ya kungoja kote huku.

Wabeba mawese wanaotoka upande wa Hombo wananiambia bado yuko. Amehamia kwa mjukuu wake, haoni vizuri, bado anawachekesha watu. Mvua zilizopita mmoja wao aliniletea ujumbe wake. Haukuwa na lawama. Alitaka kujua jambo moja, kama mtu aliyeketi kwenye benchi ya dispanseri akingoja zamu: "Koko anauliza, mbele yake banabakia bangapi?"

Nilimwambia yule mbeba mawese, "Muambie hakuna tena muntu mbele yake."

Tangu hapo njia ya chini, ya kwenda msituni kwake, imefungwa. Juma moja wanasema inapitika, juma linalofuata wanasema ngoja. Bahati anasema nimpe kijana mwenye pikipiki aipeleke. Nimekataa. Niliyesema miye nitabeba ni mimi, na aliyekuja kwa miguu mpaka mkekani kwetu alikuja mwenyewe. Nikifika nitaiweka mkononi mwake na kumwambia habari za yule mzee kabla hajafunga vidole. Akisema si yenyewe, nitairudisha kwenye kopo na kuanza upya.

Sijaisugua tangu siku ile. Imekuwa nyeusi tena yenyewe, kwa moshi wetu na kwa mikono yangu, na kwenye herufi zilizopinda kutu ya kijani imeanza kurudi. Nimeifunga kamba ya rafia niliyoisokota mwenyewe. Mke wa Bahati aliniuliza mafundo yale ni ya nini, nikamweleza, akayahesabu kwa kidole, taratibu, mpaka sita. Halafu akaenda kumalizia masufuria yake, na mimi nikabaki na deni langu.